Kusawazisha propela za droni: wapi pesa inalipa, wapi inapotea

Seti ya propela nne za inchi 5, za droni ya mbio, inauzwa dola 3 hadi 4 za Marekani. Kifaa cha sumaku cha kuzisawazishia kinauzwa dola 8 hadi 30. Ukizilinganisha bei hizo mbili, swali linakuja lenyewe: kuna haja gani ya kununua kifaa chenye bei ya seti mbili hadi kumi, kwa ajili ya kitu ambacho huenda kikavunjika Jumamosi ijayo kwenye tawi la mwembe?

Jibu linategemea droni uliyonayo. Kuna watu ambao kwao kifaa hicho ni pesa iliyotupwa, na kuna ambao walipaswa kukinunua kabla ya betri ya pili. Hapa tunapanga chaguo kwa gharama na kwa aina ya droni. Bei ninazotaja ni za maduka ya mtandaoni ya nje, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, usafiri peke yake unaweza kuzidi bei ya propela zenyewe, kwa hiyo seti moja moja haiagizwi. Agiza kadhaa kwa mkupuo, na kama unahitaji kifaa, kiingie kwenye mzigo huohuo.

Mtetemo unakugharimu nini

Aliyewahi kulala chini ya pangaboi bovu anajua kwamba kwenye namba moja linayumba kidogo, na kwenye namba tano unaanza kuikagua dari. Kinachotokea ni kwamba nguvu inayovuta panga zito kwenda nje huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne.

Tufanye hesabu ya droni. Kipande cha selotepu ya kawaida chenye urefu wa sentimita moja kina uzito wa karibu gramu 0.01. Kibandike kwenye panga, milimita 50 kutoka katikati, kisha mota izunguke mara 20,000 kwa dakika. Kipande hicho kitavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 220 hivi, na mvuto huo utazunguka mara 333 kila sekunde. Propela nzima ya inchi 5 yenyewe ina gramu 4 hivi.

Gharama ya kwanza iko kwenye beringi za mota, na mota moja ya ukubwa wa 2207 inauzwa dola 15 hadi 25. Ya pili iko kwenye picha. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mtetemo unaipinda mistari na video nzima inachezacheza. Kasoro hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye kwenye kompyuta. Ya tatu haionekani kwa macho: jairoskopu inausikia mtetemo, kompyuta ya droni inadhani chombo kinayumba, inaziamuru mota zirekebishe kosa ambalo halipo. Mota zinatua zikiwa za moto na betri inaisha mapema.

Pima kwanza, maana kupima ni bure

Kabla ya kununua chochote, hakikisha tatizo lipo na ujue liko wapi. Droni inayoendeshwa na programu ya ArduPilot hurekodi kiwango cha mtetemo kwenye kumbukumbu zake za safari, chini ya jina VIBE. Chini ya 30 m/s² kwa kawaida hakuna shida; ukipita 30 matatizo yanaweza kuanza, na ukipita 60 karibu lazima yawepo. Anayetumia Betaflight ana Blackbox, na programu ya kusomea rekodi zake ni ya bure.

Simu nayo inasaidia, lakini ina mipaka. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, inasoma kipimamwendo cha simu bila malipo. Simu nyingi hupima mara mia kadhaa tu kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa mara 333 kwa sekunde unazipita. Kwa propela kubwa zinazozunguka polepole, zinafaa.

Jaribio bora kuliko yote ni kuziondoa propela na kuzungusha mota tupu, moja baada ya nyingine. Mota ikitetemeka bila propela, mhimili umepinda au beringi imekufa, na hakuna propela utakayoisawazisha ikaponya hilo. Ukihitaji kurudia jaribio propela zikiwa zimefungwa, ifunge droni kwenye kitu kizito, vaa miwani ya kinga, na watoto wakae mbali.

Chaguo la kwanza: propela nzuri, basi

Propela za polikaboneti za inchi 5 kutoka viwanda kama Gemfan na HQProp siku hizi zinatoka kwenye kalibu zikiwa zinafanana sana. Marubani wengi wa mbio wameacha kabisa kuzisawazisha. Wanazifunga, wanaruka, na panga likiinama wanabadilisha.

Ukitumia dakika kumi kwa kila propela, seti moja imekula dakika arobaini za jioni yako ili kuokoa dola 3 au 4, na ajali moja ndogo inaifuta kazi yote. Tena propela za siku hizi nyingi zina mapanga matatu, na hizo ni ngumu zaidi, kwa sababu ukirekebisha panga moja mizani ya mengine mawili inabadilika. Usisawazishe propela iliyoinama au yenye ufa, kwani selotepu inaweza kurudisha uzito lakini haiwezi kulinyosha panga. Itupe.

Chaguo la pili: programu ya bure

Tangu toleo la 4.1 la mwaka 2019, Betaflight ina kichujio kinachofuata kasi halisi ya kila mota na kuufuta mtetemo wake kwenye taarifa za jairoskopu. Kinahitaji ESC, yaani kidhibiti kasi cha mota, inayoweza kurudisha taarifa ya kasi. Kwa ESC za zamani za BLHeli_S, programu ya Bluejay inaziwezesha kufanya hivyo, nayo pia ni bure. ArduPilot ina kichujio cha namna hiyo.

Kwa gharama ya sifuri, hili ndilo chaguo lenye faida kubwa kwa droni ndogo. Lakini lina mpaka wake: kichujio kinaizuia kompyuta isiusikie mtetemo, ila mtetemo wenyewe umebaki kwenye fremu. Beringi bado zinapigwa na kamera bado inatikiswa.

Chaguo la tatu: kifaa cha sumaku

Kifaa chenyewe ni mhimili mwembamba wa chuma unaoning'inia kati ya sumaku mbili. Ncha moja inaigusa sumaku yake, ya pili inaelea bila kugusa, ndiyo maana msuguano ni mdogo mno. Propela inabanwa katikati kwa koni mbili. Ukiiachia, panga zito linashuka polepole mpaka chini, hata kama tofauti ni ya kipande kidogo cha selotepu.

Bandika selotepu kwenye panga jepesi, upande wa chini, karibu na ncha, bila kuvuka ukingo wa mbele unaokata hewa. Achia tena. Ikizidi, punguza kwa wembe. Propela ikikaa popote unapoiacha, imelala au imesimama, kazi imeisha. Kama mapanga yamelingana yakiwa yamelala lakini ukiisimamisha inageukia upande uleule kila mara, kosa liko kwenye kitovu. Tone la gundi ya moto kwenye upande mwepesi wa kitovu linatosha.

Wengine hupendelea msasa kuliko selotepu, na kwa propela ya kudumu wana haki. Selotepu inabanduka kwa jua na unyevu. Msasa ukishapunguza panga zito, mambo yamekwisha. Sugua upande bapa, usiguse ukingo wa mbele. Propela za kaboni zisuguliwe zikiwa na maji na wewe ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Asetoni, ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha, isikaribie propela za polikaboneti: inazipasua.

Tofauti ya kifaa cha dola 8 na cha dola 30 iko kwenye unyoofu wa mhimili na usahihi wa koni. Kabla ya kukiamini kifaa rahisi, pima propela, kisha igeuze digrii 180 kwenye koni na upime tena. Panga lilelile likishuka mara zote mbili, kifaa ni kizima. Jibu likibadilika, koni haziko katikati na unasawazisha makosa ya kifaa. Angalia pia tundu la propela zako. Zile za inchi 3 kushuka chini, zinazofungwa kwa skrubu mbili ndogo, mara nyingi haziingii kwenye mhimili wa vifaa hivi.

Chaguo la nne: mizani ya sonara

Mizani inayosoma gramu 0.01 inapatikana Kariakoo au Luthuli Avenue bila kungoja mzigo kutoka nje, na mtandaoni huuzwa dola 10 hivi. Watu huinunua kwa ajili ya propela za kukunja kama za DJI Mini, ambazo kila panga linafungwa peke yake. Inaweza kukwambia kwamba mapanga mawili yametofautiana uzito, lakini haikwambii uzito huo umekaa wapi. Mapanga mawili ya gramu sawa, moja likiwa zito nchani na jingine karibu na kitovu, yatatetemeka tu.

Kwa droni hizo DJI wenyewe wanaelekeza ubadilishe mapanga yote mawili ya mota moja, yakitoka pakiti moja, bila kuchanganya na ya pakiti nyingine. Pakiti halisi ni kama dola 10 hadi 20. Ni ghali ukilinganisha na propela za mbio, lakini ni rahisi kuliko kuhatarisha chombo cha mamia ya dola, na ni kazi ya dakika tano kwa bisibisi.

Nani anunue nini

Mwenye droni ya mbio ya inchi 5 asinunue kifaa. Achukue seti tano za propela, karibu dola 15 hadi 20, awashe kichujio, abadilishe propela kila zinapoinama. Kama video inachezacheza adhuhuri tu, jua likiwa kali, kichujio cheusi cha lenzi cha dola 10 hadi 20 kinaweza kusaidia, kwa sababu kinairuhusu kamera kupunguza kasi ya shata na kuificha kasoro.

Mwenye DJI ya kukunja anunue pakiti halisi moja ya akiba. Selotepu, msasa na mizani haviko kwenye orodha yake.

Mwanafunzi au fundi aliyejenga fremu kama F450 yenye propela za 1045, yaani inchi 10 zenye mwinamo wa inchi 4.5, ndiye mteja halisi wa kifaa cha sumaku. Propela za plastiki za aina hiyo, zile za dola 2 hadi 4 kwa jozi, hutoka zikiwa zimepishana uzito vibaya. Zinazunguka polepole, tuseme mara 6,000 kwa dakika, lakini mtetemo wa mara 100 kwa sekunde ni mgumu zaidi kuuchuja bila kuchelewesha mwitikio wa droni. Kifaa cha dola 8 hadi 15, selotepu na jioni moja vitashusha namba za VIBE kuliko matumizi mengine yoyote ya pesa hiyo.

Anayebeba kamera nzito kwa propela za kaboni za inchi 15 na zaidi, ambazo jozi moja inaweza kupita dola 70, anunue kifaa kizuri cha dola 30. Propela hizo kwa kawaida huuzwa zikiwa zimeshasawazishwa kiwandani, kwa hiyo atakitumia zaidi kukagua: zinapofika, na baada ya kila kugongwa. Kwa propela za bei hiyo, kifaa kinarudisha pesa yake siku ya kwanza kitakapomwonyesha jozi ya kurudishwa dukani kabla haijafungwa kwenye mota.