Nyuzinyuzi, makapi-mlo au kamba?

Katika somo la tafsiri muhula huu wanafunzi wetu walipewa kipeperushi cha lishe kuhusu kutia mboga katika mkate na keki. Wakakwama kwenye neno moja. Wengi waliandika nyuzinyuzi, wachache makapi-mlo, mwenye kamusi akaandika ufumwele, na mmoja asiye na kamusi akaandika kamba. Mama akisoma kwamba mwanawe ale kamba, kipeperushi kitaishia kuwashia jiko.

Nyuzinyuzi ni sehemu za mmea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya. Hulainisha choo na kuwaepusha wengi na adha ya kufunga choo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Istilahi ya makapi-mlo hutumika katika maandishi ya lishe ya Tanzania, nayo si kosa. Tatizo ni kwamba kwa msomaji wa kawaida makapi ni kitu cha kupepetwa na kutupwa. Hata ganda la ngano, lenye nyuzinyuzi tele, tunaliita pumba, na anayesema upuuzi tunamwambia anaongea pumba!

Kipeperushi chenyewe nacho kilikuwa na kasoro, maana kilisema tu "ongeza karoti". Gramu 100 za karoti mbichi zina nyuzinyuzi gramu 2.8 hivi, karibu sawa na unga mweupe wa ngano, kwa sababu takriban gramu 88 ni maji. Kijiko kimoja cha karoti iliyokwaruzwa hakibadilishi kitu. Chenye manufaa ni karoti iliyokaushwa ikasagwa, au mabaki ya kukamulia juisi (hapo neno makapi limekaa mahali pake). Hata hivyo, unga huo hunywa maji mengi na kudhoofisha gluteni inayoshikilia mkate, hivyo mkate hauumuki vizuri. Mwokaji aanze na kidogo, tuseme gramu 5 badala ya 5 za ngano katika kila 100, na aongeze maji.

Tumekubaliana kuandika nyuzinyuzi, na makapi-mlo katika mabano mara ya kwanza tu. Mchicha nao tumeuongezea jina la dodo, kwani ndilo linalojulikana sokoni hapa Kampala. Aliyeandika kamba ameombwa arudishe kazi yake Ijumaa.