Saa Isafiriyo Huchelewa

Juzi, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa barazani tukinywa kahawa. Kijana wa ndugu yangu akaniuliza: "Ami, ni kweli saa ikisafiri huenda polepole?" Wazee wakacheka. Mmoja akasema saa ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake niliuliza swali hilohilo, nikaambiwa niache upuuzi.

Nikamjibu hivi. Panda kivuko cha Likoni na mpira mkononi. Urushe juu, uudake. Wewe uliye chomboni utauona ukipanda na kushuka palepale. Mimi niliye ufukweni nitauona ukienda mshazari, kwani kivuko kinasonga. Kwangu mpira umepita njia ndefu zaidi. Lakini pia umeongezewa kasi ya kivuko, kwa hiyo muda wetu ni mmoja.

Sasa badala ya mpira weka mwali wa nuru, uende na kurudi baina ya kioo cha chini na kioo cha juu, kila safari ikiwa pigo moja la saa. Nuru haikubali kuongezewa kasi. Kila apimaye huipata ileile, kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde. Juu ya msingi huo Albert Einstein alijenga nadharia yake mwaka 1905. Basi, ikiwa njia imerefuka na kasi haikuzidi, kilichobaki kurefuka ni muda. Kwangu mimi, saa yako imechelewa. Wala si saa ya vioo peke yake: moyo wako na kahawa yako inayopoa huchelewa pamoja nayo, ndiyo maana huhisi kitu.

"Na nani aliyeyaona hayo?" akauliza mzee.

Mwaka 1971, Joseph Hafele na Richard Keating wa Marekani walipanda ndege za abiria na saa nne za atomi, wakaizunguka dunia kwa mashariki, kisha kwa magharibi. Igawe sekunde mafungu bilioni moja: safari ya mashariki, iliyofuata mzunguko wa dunia, ilizichelewesha saa mafungu 59 nyuma ya zile zilizobaki Washington. Ya magharibi, iliyokwenda kinyume cha mzunguko, ilizitanguliza mafungu 273. Kule juu nako huharakisha saa, kwa kuwa uvutano wa dunia hupungua. Hesabu za nadharia zilijumlisha yote mawili, zikaafikiana na vipimo.

Ni kidogo, naam, lakini si cha kudharauliwa. Saa za setilaiti zinazoongoza simu zetu zisiporekebishwa kwa hesabu hiyohiyo, kwa siku moja tu mahali tulipo pangekosewa kwa kilomita kadhaa.

Mzee akaitazama simu yake, ile imwoneshayo kibla akiwa safarini. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kijana: "Haya mwanangu, uliza jingine."

Nami nasema, swali la mtoto lisizimwe kwa kicheko.