Kwa pikipiki hadi tamasha la Dzaleka

KWA mpenzi wa pikipiki, safari hunoga zaidi ikiwa mwisho wake kuna mkusanyiko. Wamarekani wana Sturgis, mji mdogo wa South Dakota wenye wakazi wapatao 7,000, ambao tangu 1938 hupokea waendesha pikipiki kila Agosti, siku hizi kwa mamia ya maelfu. Mimi sijafika huko. Novemba 2023 nilikodi pikipiki ndogo jijini Lilongwe, nikaelekea kwenye Tamasha la Tumaini, linalofanyika ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa.

Ni mwendo usiofika kilometa 60, lakini si wa kudharau. Ukitoka mjini kwa barabara ya M1 unapita Kanengo, kwenye viwanda na mnada wa tumbaku, na hapo malori hayakuachii nafasi. Kila linalokupita linakusukuma pembeni kwa upepo wake. Baada ya Lumbadzi unapumua kidogo. Kulia na kushoto ni mashamba yenye matuta yakisubiri mvua, na baiskeli zilizosheheni mkaa. Madereva wa kabaza, ndivyo Wamalawi wanavyowaita bodaboda, walinipita wakiwa wamepakia abiria wawili na gunia, bila kofia ngumu, wakinipungia mkono kana kwamba mimi ndiye mwenye shida.

Kwenye njia panda ya Dowa nilikata kulia, na muda si mrefu nikaanza kusikia Kiswahili. Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani. Kambi ilifunguliwa 1994 ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tamasha lenyewe lilianzishwa 2014 na Menes la Plume, mshairi kutoka Kongo aliyekuwa mkimbizi hapo hapo. Kiingilio ni bure, na mgeni akitaka hulala nyumbani kwa familia ya kambini. Mimi nililala kwa mama mmoja wa Kikongo aliyenilisha ugali na sombe hadi nikaomba msamaha.

Lakini kilichonikaa moyoni si jukwaa, ingawa ngoma za Warundi zilitikisa ardhi. Ni fundi aliyekuwa akilinda pikipiki za wageni chini ya mwembe.

“Kaka, cheni yako imelegea,” aliniambia kabla sijashuka.

Aliikaza kwa dakika chache, akakataa malipo. Nilipomuuliza kama naye hupanda M1, alicheka. Zamani alikwenda Lilongwe mara kwa mara kununua vipuri. Kisha Machi 2023 serikali ikawaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakamata. Sasa kutoka ni kwa kibali, na yeye hataki kufunga safari ya roho mkononi kwa ajili ya kebo ya klachi.

Sheria hiyo si ya jana. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo 1987, lakini ikaweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwamo cha uhuru wa kwenda utakako. Serikali ina hoja zake za usalama na biashara za wananchi, na nchi yenyewe ni maskini. Hata hivyo, ilinishangaza kwamba mimi, mgeni wa wiki moja, nimeijua barabara ile kuliko mtu anayetengeneza pikipiki zinazopita humo. Ndipo nilipoelewa kwa nini tamasha liko kambini na si mjini: wenyeji wa Lilongwe wanaweza kwenda Dzaleka wakati wowote.

Asubuhi ya kuondoka fundi alinipa karatasi na noti za kwacha alizozikunja vizuri: kebo moja ya klachi, plagi mbili, breki za nyuma. Nilivinunua Lilongwe Jumatatu, nikamkabidhi dereva wa kabaza aliyekuwa akirudi Dowa. Jioni alinipigia simu kuwa mzigo umefika, ila plagi moja ni ya saizi nyingine.