Kambi ya Kanisa ya Kutengeneza Nyumba



Maneno yangu yahusu kazi moja ambayo kanisa lo lote laiweza, nayo ni kambi ya kutengeneza nyumba. Watu wa kanisa, hasa vijana, hukusanyika kwa juma moja au mawili, wakalala pamoja na kula pamoja, wakatengeneza bila ujira nyumba za wajane, wazee na yatima.

Msidhani kwamba hii ni desturi ngeni. Zamani katika nchi ya Wasukuma vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mwenye kazi kubwa alimwendea huyo, naye akawaita wenziwe. Wakafanya kazi kwa nyimbo, na mwenye kazi akawapa chakula. Tofauti ya kambi ni moja tu: mjane tunayemtengenezea hana chakula cha kuwapa watu ishirini. Basi kambi huja na unga wake, maharagwe yake na kuni zake. Wakila akiba ya mwenye nyumba, wamemwachia ukuta mzima na ghala tupu.

Kwa nini kazi hii ni kubwa? Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliangukiwa na kuta za nyumba walimolala. Sisemi kwamba ufa uliozibwa ungeshinda tufani kama ile. Walakini kila masika kuna kuta zinazoanguka kwa mvua ya kawaida, na hizo twaweza kuzizuia.

Tofali bichi likiwa kavu huchukua uzito mwingi, likilowa hulegea. Maji huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni juu, ambapo bati limeng'oka au upenu ni mfupi. Ya pili ni chini: matone huanguka karibu na ukuta, yakarusha matope, yakaula mguu wa ukuta kidogo kidogo mpaka ukawa mwembamba. Tena nyumba iliyojengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga ina taabu zaidi, kwa kuwa udongo ule huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao msingi huenda pamoja nao.

Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake. Kwanza, chimbeni mfereji wa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Pili, jazeni mguu wa ukuta kwa mawe au matofali ya kuchoma. Tatu, ongezeni upenu. Nne, fungeni kenchi kwa waya ulioshikwa chini ndani ya ukuta, wala msiyazuie mabati kwa mawe, maana upepo ukiyainua, mawe yale huanguka juu ya waliolala. Mwisho ndipo mpige lipu. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na majani yaliyokatwa hushikana na tofali bichi kuliko saruji. Saruji hupata nyufa, maji yakapita na kukaa nyuma yake pasipo mtu kuyaona. Na ninyi wa Geita, msichukue mchanga mahali palipooshewa dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na sumu yake hubaki katika mchanga ule. Haifai kuipaka katika chumba cha kulala mtoto.

Sasa nasema juu ya matayarisho, kwa sababu kambi nyingi huharibika kabla ya siku ya kwanza. Chagueni mwezi wa Julai au Agosti: mavuno yamekwisha, na matofali hukauka vema kabla ya mvua za Novemba. Miezi mitatu mbele, wachache waende kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee, wakaulize ni nyumba zipi zilizo katika hatari. Waende pamoja na fundi mwashi mwenye timazi, aandike kila nyumba yataka nini. Nyumba nne zilizokamilika ni bora kuliko kumi zilizoachwa nusu. Wala msichague waumini wenu peke yao. Mvua haiulizi mtu anasali wapi.

Kisha mwulizeni mwenye nyumba mwenyewe kama aridhia. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Ceresole, alianzisha kambi ya kujitolea huko Esnes, karibu na Verdun katika Ufaransa, wajenge upya kijiji kilichobomolewa na vita. Miongoni mwao walikuwamo Wajerumani, ambao jana yake walikuwa adui. Nia yao ilikuwa njema, lakini wakubwa wa mahali pale hawakuridhia, na mwaka 1921 kazi ikakoma. Msaada usioridhiwa haukai.

Jambo jingine watu hulisahau. Nyumba ya mjane ikiisha kutengenezwa yaweza kutamaniwa. Ndugu za marehemu ambao hawakuonekana wakati paa linavuja huonekana wakati bati linang'aa. Basi kabla ya kushika mwiko, ulizeni mbele ya uongozi wa kijiji na mbele ya ndugu hao: nyumba hii na kiwanja hiki ni vya nani? Jibu liandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji yaweza kumpa hati ya haki miliki ya kimila. Karatasi ile yaweza kumlinda kuliko ukuta.

Nimebakiza jiko, nalo ni jambo la kusema kwa uchungu. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi, maana mama amepika miaka hamsini katika chumba kisicho na dirisha, na kuni zilipoadimika akachoma samadi kavu. Wilayani Magu, jirani zetu wa shirika la MAPARECE pamoja na HelpAge walitengeneza nyumba za wazee, wakajenga na majiko yenye moshi mchache. Nanyi fanyeni hivyo: toboeni dirisha, jengeni jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, tieni mlango imara wenye komeo la ndani. Tena vijana ishirini wakila na kucheka uani kwa bibi aliyekuwa akiepukwa, kijiji kizima huona kwamba bibi yule ana watu.

Kambi ikiisha, hesabu ya kila senti na kila msumari isomwe mbele ya watu. Kisha chagueni vijana wawili wa kijiji kile kile, waizunguke kila nyumba baada ya mvua ya kwanza kubwa. Ufa mdogo huonekana wakati huo, nao waweza kuzibwa kwa karai moja la udongo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliosikia habari za Mwakata twajua kwamba wako wasiopata nafasi ya kujenga ukuta wa pili.