Nani Anaogopa? Viambishi vya Nafsi na Suala la Kufasiri Mchezo wa Amnesia kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kompyuta uitwao Amnesia: The Dark Descent ulitolewa Septemba 2010 na Frictional Games, kampuni ndogo huru ya Sweden. Mchezaji huona kila kitu kwa macho ya mhusika mkuu, Daniel, anayezinduka katika ngome ya Brennenburg, Prussia, mwaka 1839, akiwa amepoteza kumbukumbu. Hana silaha. Akikutana na zimwi, hukimbia au hujificha. Akikaa gizani mno, akili humruka. Nayo mafuta ya taa ni haba. Mchezo huu haukutolewa kwa Kiswahili. Makala haya yanaeleza kwa nini kuufasiri si suala la msamiati pekee, bali pia la nafsi.

2.0 Nafsi katika Matini ya Mchezo

Mapema katika mchezo, Daniel anaokota barua aliyojiandikia kabla ya kunywa dawa ya kusahau. Mwandishi na mwandikiwa ni mtu yuleyule. Kiingereza huitaja nafsi kwa neno linalojitegemea. Kiswahili huipachika ndani ya kitenzi. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Nilichagua kusahau.
    b. Ulichagua kusahau.
    c. Alichagua kusahau.

Tukio ni moja, lakini (1a) ni ungamo, (1b) ni shutuma, na (1c) ni habari za mtu mwingine. Aidha, Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa nafsi ya pili umoja na wingi, ilhali mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya u- na m-: je, barua inamsemesha mchezaji peke yake, au na wanaomtazama? Kwa msomaji wa Mponde, Lushoto, ambaye Kishambaa chake nacho huambatisha nafsi kwenye kitenzi, tofauti hizi hazihitaji kufundishwa.

3.0 Mapokezi: Kutoka Ni- hadi A-

Mwaka 2011 mchezo huu ulituzwa katika Independent Games Festival nchini Marekani, ikiwamo tuzo ya ubora wa sauti. Hata hivyo, umaarufu wake ulienezwa sana na video za wachezaji waliojirekodi wakicheza, akiwamo PewDiePie wa Sweden. Wengi waliufahamu kwa kumtazama mwingine akiogopa.

Upokezi wa namna hii si mgeni Tanzania. Lufufu alijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hakufasiri neno kwa neno. Alifafanua, aliongeza na kutania, na watazamaji wa vibanda vya video walimfuata kama hadhira ya ngano inavyomfuata fanani. Katika usimulizi wa aina hiyo, a- ndiyo hutawala, na hofu hugawanywa miongoni mwa waliokusanyika. Anayecheza peke yake hana wa kugawana naye.

4.0 Hitimisho

Mfasiri atakayegeuza matini yote kuwa (1c) atahifadhi kisa, lakini atapoteza kiini chake. Kadiri mchezo unavyoendelea, mchezaji hugundua kwamba Daniel mwenyewe alishiriki kuwatesa watu ngomeni. Ugunduzi huo huuma kwa sababu shajara husema ni- na barua husema u-. Kwa hiyo, msimulizi wa kibandani na abaki na a- yake. Matini andishi ya mchezo haina budi kulinda ni- na u-, ili mchezaji asipate pa kujificha.