Kuchangisha Pesa za Kuonyesha Tamasha la Shule Mubashara

Nyanya yuko Kakamega, mjomba anafanya kazi Doha, na mtoto anapiga fidla Nairobi Jumamosi saa nane mchana. Wote wangependa kumwona. Kuonyesha tamasha mubashara kwenye YouTube hakulipiwi, lakini kulitayarisha kunagharimu. Na shule ya muziki ikianza kuomba, mara nyingi kinachokosekana si pesa bali imani. Mzazi anajiuliza: hii mia tano yangu inaenda wapi?

Fanya hivi ili ajibiwe kabla hajauliza.

Anza na hesabu, si na ombi

Tuseme shule inataka kuonyesha matamasha matatu:

- Kukodi kamera na wa kuiendesha: KSh 15,000
- Maikrofoni na kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta: KSh 12,000
- Intaneti: KSh 9,000
- Akiba na ada za kutuma pesa: KSh 4,000

Jumla ni KSh 40,000. Watu 80 wakitoa 500 kila mmoja, kazi imekwisha. Watu huchanga haraka wakijua lengo kuliko wakiambiwa tu "toa ulicho nacho".

Usibane sana kwenye intaneti. Video inayorushwa kwa kasi ya Mbps 6 hula karibu GB 5.4 kwa saa mbili. Weka pia bando kwenye laini ya mtandao mwingine. Picha ikififia kidogo watu huvumilia, lakini sauti ikikatika katikati ya wimbo, wanaondoka, na msimu ujao hawachangi.

Pesa isiingie kwenye simu ya mwalimu

Hata mwalimu awe mwaminifu vipi, mchango ukichanganyika na pesa yake ya unga na nauli, hesabu itamshinda. Tumia Paybill yenye jina la shule. Tofauti na Till, Paybill ina sehemu ya namba ya akaunti. Mwambie kila anayechanga aandike TAMASHA na jina la mwanafunzi, ili mchango usichanganyike na karo.

Kabla ya kuthibitisha malipo, angalia jina linalotokea. Kama si la shule, acha kwanza, piga simu uulize.

Ulizia pia nani anabeba ada: anayetuma au shule. Ikiwa ni shule, ile 500 haitafika nzima. Mjomba wa Doha naye ahakikishe huduma anayotumia inaweza kulipa Paybill. Kama haiwezi, amtumie ndugu aliye hapa amlipie.

SMS pekee si pesa

Namba ya mchango ikisambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, matapeli nao huiona. Mtu akidai "nimetuma elfu tano badala ya mia tano, nirudishieni", angalia salio na taarifa ya akaunti kwanza. Usimrudishie kwa kumtumia pesa upya. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja, hiyo ndiyo njia ya kurejesha muamala. Na PIN haombwi mtu yeyote, hata na sisi.

Kabla ya siku yenyewe

Washa huduma ya mubashara ya YouTube mapema, kwa sababu mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Pata ruhusa ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Nyimbo zenye hakimiliki pia zinahitaji kibali, la sivyo matangazo yanaweza kuzimwa tamasha likiendelea.

Baada ya makofi

Ndani ya wiki moja, watumie waliochanga ujumbe mfupi: tulipata kiasi gani, tukatumia kiasi gani, kimebaki nini. Ambatisha risiti. Hata kama kimebaki KSh 350, sema. Ukichangisha tena, wataukumbuka ujumbe huo.