Gari limebadilishwa injini, watoto wanaumwa kichwa?

Gari la zamani limetoka gereji na injini nyingine ya mtumba. Linawaka vizuri, halichemshi. Lakini kila asubuhi wakienda shule, watoto walio kiti cha nyuma wanalalamika kichwa na kichefuchefu. Wakishuka na kupata hewa, wanachangamka. Mzazi anakimbilia kipimo cha malaria, hakionyeshi kitu, na homa hakuna.

Hapo ndipo pa kuushuku moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Watoto hupumua haraka kuliko wakubwa, hivyo huathirika mapema.

Injini inapobadilishwa, bomba la ekzosi hufunguliwa. Fundi akirudisha gasketi iliyochoka au akiacha nati imelegea, moshi huvujia chini ya boneti, kisha hupenya kwenye matundu ya nyaya yaliyoachwa wazi nyuma ya dashibodi.

Mwambie aliwashe likiwa baridi, nje, boneti wazi. Mlio wa tiki-tiki na masizi meusi kwenye maungio ni dalili ya kuvuja. Akague na raba ya buti. Kushusha vioo si tiba, na kutembea buti likiwa wazi ni kuukaribisha moshi ndani.

Mtoto akilegea garini, mtoe nje, tafuta usafiri mwingine hadi hospitali na umweleze daktari habari ya gari. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma kawaida ilhali damu imebeba sumu.